Jua au macho ya watu?

Sikukuu ya Idd tuliwapeleka watoto kwenye bwawa moja la mamba hapa Bagamoyo. Saa saba mchana, jua la utosi. Mamba mkubwa amejilaza kando ya maji, kaachama, kimya kama gogo. Kivuli pekee kilikuwa cha mwarobaini ulioota kwenye ua wa waya, na hapo ndipo sote tulipojibanza. Kijana mmoja akaokota kokoto, akamtupia mgongoni. Hakutikisika. Akatupa ya pili.

"Mwache, kapigwa na jua huyo," shemeji yangu akasema.

Binti yangu wa darasa la sita akamgeukia. "Si jua, mjomba. Katuchoka."

Nilirudi nyumbani na ubishi huo, nikakuta watafiti nao wanao, ila wao wanabishania pengwini. Usiseme hao ni ndege wa barafu tu. Wako wa Afrika, wanaozaliana Namibia na Afrika Kusini. Juu ya jicho wana kipande cha ngozi ya waridi kisicho na manyoya. Joto likizidi, damu hujaa hapo ipate kupoa. Jua likiwaka zaidi huhema midomo wazi, hujificha shimoni au huingia majini. Mtu aliyelipa kiingilio anaona shimo tupu, anaondoka akisema ndege wanaogopa watu. Kumbe joto.

Mjomba mtu ana ushahidi wake. Karibu na Turin, Italia, kuna bustani ya wanyama ambako bwawa la pengwini wa Afrika limepakana na bwawa la wageni kuogelea. Watafiti walipima homoni za msongo kwenye kinyesi cha ndege hao, na kilichojitokeza ni hali ya hewa, si wingi wa watu. Binti naye anao wake, tena kutoka bustani hiyohiyo: mwaka wa kwanza, wageni walipoongezeka pengwini walipunguza kuogelea. Mwaka uliofuata wakazoea.

Neno hilo "wakazoea" ndilo linalonikereketa. Mamba aliyepigwa kokoto mbili bila kujitikisa, naye tuseme kazoea?

Melbourne, Australia, walifanya jaribio lililo wazi zaidi kwa pengwini wadogo, wale wa kilo moja hivi. Utafiti uliochapishwa 2015 ulilinganisha siku za wageni na siku ambazo wageni walizuiwa kuwaona. Wageni walipokuwepo, ndege waligombana zaidi, walijikunyata pamoja, wakawa macho zaidi na kukaa mbali na upande wa watu. Baadaye wageni wakasogezwa nyuma kwa mita 2 tu, na dalili za hofu zikapungua. Hawakufukuzwa. Walisogezwa tu, na kiingilio kinachonunua samaki wa ndege hao kikaendelea kuingia.

Taabu ya ubishi huu ni kwamba jua na watu huja pamoja. Nani huja kutazama wanyama siku ya mvua ya masika? Siku kavu ya sikukuu ndiyo ya joto na ndiyo ya msongamano, na asiyetenganisha mawili hayo kwenye hesabu zake atapata jibu lolote analolitaka.

Hata hivyo, naegemea kwa binti, kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuitaja. Joto humwambia mnyama aende wapi. Sisi ndio huwa tumeshakaa hapo. Pengwini wa Turin dawa yake ni maji, na wageni walikuwa ubavuni mwa maji. Mamba wetu dawa yake ilikuwa kivuli cha mwarobaini, nasi tulikuwa tumekijaza, na mfuko wa mihogo ya kukaanga juu. Hapo kupima joto peke yake, au kuhesabu vichwa peke yake, ni kupima nusu ya jambo. Cha kuuliza ni wageni wamesimama wapi, na mikono yao inafanya nini.

Saa kumi watu walianza kutawanyika. Tukiwa getini binti akanivuta shati: mamba alikuwa anajikokota polepole kuelekea mwarobaini.

"Umeona?" mjomba akasema. "Jua limepungua."

"Watu wamepungua," binti akajibu.