Peptidi si mkorogo, wala si maji matupu

Kwenye saluni za Ngamiani na maduka ya vipodozi ya Tanga mjini, chupa ndogo ya seramu yenye peptidi, ya kupaka usoni dhidi ya mikunjo, imezua ubishi. Wapo wanaosema peptidi ni mkorogo uliobadilishwa jina. Wapo wanaosema ni maji yaliyotiwa bei. Anayeinunua, mara nyingi mama wa miaka arobaini na kitu aliyeanza kuona mikunjo pembeni mwa macho, anachekwa na pande zote mbili. Naona anaonewa, ingawa wanaomcheka hawakukosea kila kitu.

Hofu ya mkorogo ina haki yake. Nani asiyemjua mtu aliyewiva mashavu huku vifundo vya vidole vimebaki vyeusi? Zebaki na haidrokwinoni huizuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi yake, na dawa kali za steroidi kama klobetasoli huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), lakini vikopo vinaendelea kupita. Aliyeyaona madhara hayo akiletewa habari ya krimu nyingine ya uso, lazima ashtuke.

Peptidi, hata hivyo, zina kazi nyingine kabisa. Ni vipande vifupi vya protini: asidi amino mbili, tatu au tano zilizoshikana. Ngozi husimamishwa na protini iitwayo kolajeni, nayo hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka tangu mtu awe mtu mzima, na kwa kasi kubwa zaidi hedhi inapokoma. Kolajeni ikivunjika hutoa vipande, na baadhi ya vipande hivyo huziarifu seli za ngozi kwamba kuna pengo la kuziba. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba kipande kimoja cha asidi amino tano, kinachoitwa KTTKS, huzichochea seli hizo maabara zitengeneze kolajeni zaidi. Ipo pia GHK, inayoshikana na madini ya shaba. Aliyeigundua ni Loren Pickart mwaka 1973, katika damu ya binadamu. Kijana wa miaka 20 ana nanogramu 200 hivi za GHK katika kila mililita ya plazma, yaani maji ya damu. Akifika 60 zimebaki kama 80. Katika kazi zote hizo hakuna inayoshambulia rangi ya mtu. Zipo peptidi chache zilizobuniwa makusudi kupunguza melanini, nonapeptidi-1 ikiwa mojawapo, kwa hiyo lebo isomwe. Lakini kuzifanya zote mkorogo kwa sababu ya hizo chache ni kumtisha mama wa watu bure.

Na wale wanaosema mwanamke huyu anatafuta uzungu wamesahau walikolelewa. Pwani hii imesaga liwa, imefanya singo, imepaka manjano na mafuta ya nazi tangu zamani. Kutaka uso utulie umri unapokwenda ni jambo la kwetu.

Hoja ya maji ndiyo nzito. Ngozi ni ukuta, na imejengwa kuzuia vitu visiingie. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi waliandika kanuni inayonukuliwa mpaka leo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupita kwenye ngozi nzima kwa shida sana. KTTKS peke yake inazidi 500. Ndiyo maana watengenezaji waliiunganisha na asidi palmitiki, mafuta yale yale yaliyojaa kwenye mawese, ili ipendane na mafuta ya tabaka la juu la ngozi. Kupendana kuliongezeka, lakini na uzito nao ukapanda hadi 800 hivi. Isitoshe, vimeng'enya vya ngozi huzikatakata peptidi njiani. Na utafiti mwingi umefanywa na wenye bidhaa wenyewe. Peptidi moja ya Hispania, inayosifiwa kulegeza misuli ya uso ilitangazwa mwaka 2002 kuwa imepunguza kina cha mikunjo kwa hadi asilimia 30 ndani ya siku 30. Waliojaribiwa walikuwa wanawake 10. Asilimia hiyo imeandikwa kwenye matangazo mengi, na wale kumi hawatajwi.

Kama ushahidi ungeishia hapo, ningekubaliana na wanaosema ni maji. Haukuishia hapo. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 93 wenye umri wa miaka 35 hadi 55, lililofanywa kwa wiki 12. Kila mmoja alipaka nusu ya uso krimu ya kawaida, na nusu ya pili krimu ile ile iliyoongezwa KTTKS yenye asidi palmitiki. Si mwanamke wala mpimaji aliyejua ipi ni ipi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba nusu mbili za uso mmoja zinakula chakula kimoja, zinalala usingizi mmoja na kupigwa na jua moja. Tofauti ikitokea, hakuna pa kuisingizia. Na tofauti ilitokea: upande wenye peptidi ulipungua mikunjo kuliko wenzake, kwa vipimo vya mashine na kwa macho ya wataalamu wasiojua kilichopakwa wapi.

Kinachonishughulisha zaidi ni kipimo kilichotumika: sehemu 3 katika milioni moja. Kwenye chupa ya gramu 30, hiyo ni miligramu 0.09, kitu kama punje moja ya chumvi ya mezani. Anayedhani ni maji atasema hapo ndipo ushahidi wake ulipo, ni chumvi gani hiyo? Mimi naona inathibitisha kinyume chake. Kitu kinachojenga hutakiwa kiwe kingi. Kinachopeleka habari hakihitaji wingi. Ikiwa kiasi kidogo namna ile kinaonekana usoni baada ya wiki 12, basi hata kama sehemu ndogo tu ilipenya ukutani, ilitosha. Na mnunuzi ajue jambo hili: bei ya makumi ya maelfu ya shilingi hailipii wingi wa peptidi, na lebo inayojigamba kwa asilimia kubwa haijathibitisha chochote. Wenye jaribio lile walikuwa watafiti wa Procter & Gamble, kampuni inayouza krimu, na hilo lisifichwe. Faida yenyewe ilikuwa ndogo. Mikunjo ilipungua, haikufutika.

Wanawake wale 93 walikuwa weupe wote, na hapa ndipo mjadala wa Tanga unapoachana na wa Ulaya. Ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana. Kipimo cha mwaka 1979 kilionyesha kuwa tabaka lake la juu hukinga jua kwa kiwango cha 13 hivi, dhidi ya 3 hivi kwa ngozi nyeupe. Kinachotuzeesha sisi kwanza ni madoa na rangi isiyolingana. Na madoa yetu huja kwa urahisi: chunusi, upele, mchubuko, chochote kinachoiwasha ngozi huacha weusi wa miezi.

Sasa tazama dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko peptidi. Ni tretinoini, ya jamii ya vitamini A, ambayo daktari wa ngozi Kligman na wenzake waliandika habari zake kwa ngozi iliyozeeshwa na jua mwaka 1986. Inafanya kazi, na kwa nguvu kuliko peptidi. Lakini inababua na kuchubua, na haifai kwa mjamzito. Kwa ngozi nyeupe kubabuka kunapita. Kwa ngozi yetu, kubabuka bila usimamizi wa daktari kunaweza kuleta lile lile doa tulilokuwa tunalikimbia. Peptidi katika jaribio lile zilivumiliwa vizuri na ngozi. Upole huo, ambao wachambuzi wengi huutaja kwa mstari mmoja wakapita, kwetu una thamani kuliko ukubwa wa matokeo.

Asiye na fedha ya vitu viwili aanze na mafuta ya kukinga jua. Kule Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatwa kwa miaka minne na nusu, na matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa waliopaka kila siku walizeeka ngozi kwa asilimia 24 pungufu ya wengine. Peptidi haijafika huko. Na seramu iliyokaa kwenye dirisha la duka juani, kwa joto la Februari la Tanga, isinunuliwe, maana peptidi ndani ya maji huharibika kwa joto.

Uwezo wa kuyamaliza mabishano haya tunao. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi cha kanda, na Moshi hiyo hiyo hutengenezwa Kilisun, mafuta ya jua ya watu wenye ualbino. Jaribio la nusu uso kwa wanawake weusi, wiki 12, krimu ile ile na peptidi ile ile, halihitaji mitambo ya ajabu. Lihesabu madoa pamoja na mikunjo, na gharama zake zisitoke kwa muuza seramu.