Shikamoo ya kwenye tundu la drili

Nilipoinunua ile Hiace ilikuwa imeshastaafu udaladala. Nikang'oa viti, nikapiga kitanda cha mbao, nikaning'iniza chandarua kwenye dari, kisha nikawatangazia majirani hapa Mikindani kwamba wikiendi zangu sasa ni za Msimbati, ufukweni, kule gari linakopita juu ya mchanga wenyewe. Ulibaki umeme tu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 huko huko ninakokwenda kulala, lakini mimi nilikuwa nahangaika kutafuta jua.

Nikanunua paneli mbili za wati 100. Jua likikaa kichwani kwa muda wa saa tano unakaribia uniti moja, ukisamehe inayopotea njiani. Taa, feni, simu, maisha.

Fundi aliponitajia bei ya kufunga nilicheka. Kazi gani hiyo? Vyuma vinne kila paneli, boliti, silikoni, na uache nafasi ya vidole viwili chini yake hewa ipite, maana paneli ikichemka umeme unapungua. Yote hayo niliyajua. Nisichokijua ni kwamba baba mkwe yumo ndani ya gari.

Mzee alikuwa ameshuka juzi yake kutoka Newala. Mtu aliyezoea ubaridi wa kule juu, joto la pwani linamwonea. Alipomaliza wali wa mchana akatafuta penye upepo, akaiona Hiace chini ya mwembe, milango wazi, chandarua kimeshushwa. Akalala.

Mimi nikapanda juu na drili ya kuazima. Bati lilinigomea kidogo, halafu likaachia ghafla, drili ikazama mpaka shingoni. Hapo mlio ukabadilika, ukawa mzito, kama kitu kinachotafuna. Kilikuwa kinatafuna chandarua. Drili ilikizungusha kama tambi kwenye uma, na chandarua chote kikaanza kupaa kutoka kitandani.

Ndani ikasikika shahada, kwa sauti ya juu.

Baadaye Mzee alisimulia kwamba alifumbua macho akaona mbingu inanyanyuka huku inanguruma, akajua Ziraili amefika. Kilichomshangaza ni kwamba amekuja na mashine.

Nikazima. Nikaichomoa drili na uzi wake mweupe umeizonga kama bandeji. Nikainama, nikaweka jicho kwenye tundu. Upande wa pili kulikuwa na jicho.

"Shikamoo, baba."

Jicho likapepesa mara mbili.

"Marahaba. Mwanangu, ndiyo umenikalia kichwani?"

Nimelelewa kumpisha mkwe njia. Hakuna aliyenifundisha cha kufanya ukiwa umesimama juu yake na viatu.

Kwa bahati hakuondoka. Alibaki ndani kunishikia nati, akihesabu matundu kwa sauti ili nyumba nzima isikie. Yalitakiwa manane, yakawa tisa, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa mahali pasipo na chuma cha kubana. Kwenye nyaya tulielewana: betri kwanza kwenye kontrola, kile kidude kinachosimamia chaji, paneli baadaye. Silikoni ikaishia kwenye tundu la nane. La tisa nikaliziba kwa bigijii ya mwanangu, iliyokwisha kutafunwa vizuri.

Desemba nikaenda Msimbati. Feni inazunguka, taa inawaka, nimelala kama sultani. Saa saba usiku mvua ikafunguka, na tone la kwanza likanipata katikati ya paji la uso. Nikatega sufuria.

Alfajiri Mzee akapiga simu kutoka Newala.

"Huko imenyesha?"

"Imenyesha, baba."

"Kale katundu ketu ulikaziba?"

"Nilikaziba vizuri kabisa."

Kimya. Tok. Tok.

"Na hiyo inayogonga ni nini?"

"Saa ya ukutani, baba."