Anga la Tanga linapimwa na nani?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti iliposuasua nchi nzima, baraza la kahawa la Ngamiani, hapa Tanga, lilikuwa na jibu tayari. "Yakhe, hilo si jua?" Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi dunia ilikuwa imepigwa na dhoruba ya sumaku kutoka jua, ya kwanza kufikia G5, kiwango cha juu kabisa, tangu 2003, na picha za mianga ya kijani na zambarau zilikuwa zimeshazagaa kwenye simu. Jibu tamu, lakini si lenyewe. Mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilikuwa imepata hitilafu chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jua lilisingiziwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikibishana na vijana wa kompyuta hapa mjini. Kutabiri dhoruba hizi sasa kumeingia mikononi mwa akili mnemba: mashine inapewa vipimo vya miaka mingi, inajifunza yenyewe kipi hutangulia kipi. Swali letu: je, kuna maana yoyote kuhesabu wanasayansi weusi waliomo katika kazi hiyo, au sayansi haina rangi?

Wanaosema haina rangi wana hoja nzito. Setilaiti ya SDO ya NASA inalipiga picha jua tangu 2010, na picha zake ni bure. Agosti 2025 NASA na IBM walitoa Surya, modeli iliyofunzwa kwa picha hizo, inayojaribu kubashiri milipuko ya jua hadi saa mbili kabla. Nayo iko wazi. Kijana wa Chumbageni mwenye kompyuta na bando la kutosha (hilo la bando ni kesi nyingine) anaweza kuipakua, wala hakuna atakayemuuliza kabila lake. Kwa habari ya jua lenyewe, nawaunga mkono.

Ila jua ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko juu ya vichwa vyetu, katika ayonosfia, tabaka la elektroni ambalo mawimbi ya GPS hulipenya kabla ya kutufikia. Ikweta ya sumaku, ambayo si ile ya ramani za shule, kwa upande wetu hupita Ethiopia. Mchana elektroni huinuliwa juu yake, kisha huteleza kufuata mistari ya sumaku na kurundikana pande mbili, kama nyuzi 15 kaskazini na nyuzi 15 kusini. Tanga ipo karibu na rundo la kusini. Jua likizama, mapovu huweza kuzuka humo na mawimbi ya setilaiti yakaanza kumemeteka, yaani nguvu yake kupanda na kushuka. Mpima ardhi akiwa kazini jioni, chombo chake cha GPS kinaweza kutoa vipimo vya kuruka-ruka bila dhoruba yoyote. Mashine iliyolishwa vipimo vingi vya Ulaya na Marekani italikisia anga hili. Ni kumchukua nahodha aliyefunzwa maji ya Kigoma ukamkabidhi jahazi kwenye mkondo wa Pemba.

Pengo hilo la vipimo limewashughulisha Waafrika wenyewe. Mwaka 2019 Daniel Okoh wa Nigeria na wenzake walitoa AfriTEC, modeli ya mtandao neva (aina ya akili mnemba) inayokadiria wingi wa elektroni juu ya bara letu, kwa kutumia vituo vya GPS vya ardhini pamoja na setilaiti za COSMIC. Miongoni mwao alikuwamo John Bosco Habarulema, Mganda anayefanya kazi Hermanus, Afrika Kusini, ambaye tangu 2007 alikuwa akitumia mitandao ya aina hiyo kwa anga la nchi ile.

Wenzangu wanaoona hesabu ya weusi ina maana, wakisikia majina haya hushangilia kwamba ubishi umekwisha. Haujaisha, maana wanachanganya rangi ya mtu na mahali pa chombo. George Carruthers alikuwa Mmarekani mweusi. Kamera yake ya mionzi ya urujuanimno ilipelekwa mwezini na Apollo 16, Aprili 1972, ikaipiga picha dunia, na humo ikaonekana mikanda miwili ya mng'ao, huku na huku ya ikweta ya sumaku. Ndiyo marundo yetu! Mtu mweusi aliyaonyesha kutoka mwezini, na hilo halikuleta Tanga hata waya mmoja. Septemba 2025 NASA ilirusha chombo chenye jina lake. Heshima anayostahili, lakini heshima haipimi elektroni.

Tusitishane pia. Mvuvi wa Deep Sea hamtegemei Okoh kujua mwamba ulipo, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani halimo katika hatari ya dhoruba hizi inayozikabili nchi za karibu na ncha za dunia. Anayesema fedha ziende kwanza kwenye maji na zahanati hakosei sana. Mimi ningeomba kidogo tu: kipokezi cha GPS cha kisayansi juu ya paa la sekondari moja, umeme wa uhakika, na mwalimu wa kukikagua asubuhi. Kozi za akili mnemba zifuate baadaye. Sasa hivi tunawafunza vijana kupika bila kuwapa mchele.

Barazani wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba lilikuwa jua. Habari ya mkongo naweza kuwajibu. Wakiniuliza anga la juu yao lilifanya nini usiku ule, sina kipimo kilichochukuliwa Tanga cha kuwaonyesha.