Kampuni Nzima Imeiona Taa Yangu

Haya, tulieni. Najua rafiki yangu wa idara ya mauzo ameshawasimulia, tena kwa chumvi ya kutosha. Sikulia. Na halikuwa zulia. Ilikuwa taa ya kusomea.

Kikao cha mtandaoni, kampuni nzima iko hewani. Nimetoka kuwasilisha mada ya (msicheke) kupunguza matumizi yasiyo ya lazima. Bosi akapokea, akaanza na ile sauti yake ya msibani: "Huenda baadhi ya nafasi za kazi zikapitiwa upya."

Tumbo likavurugika. Wenzangu wakisikia habari kama hizo husali. Mimi mkono wangu huenda dukani, wenyewe, bila kuniaga.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo nilipofia.

Mshale unaondoka kwenye jedwali la bajeti. Unafungua duka. Kwenye kisanduku cha kutafutia naandika "taa" tu, na duka, mmbea asiye na haya, linateremsha yote niliyowahi kutafuta: "taa ya kusomea". "Taa ya kusomea nzuri zaidi". "Taa ndogo isiyoonekana na mume".

Nabofya. Saa nyekundu inahesabu: punguzo linaisha baada ya dakika 4. (Saa hiyo ukifungua ukurasa upya huanza tena mwanzo. Naijua. Bado hunitoa jasho.) Nachagua ya kijani. Naitoa. Naweka ya bluu. Narudi kwenye ya kijani. Ukurasa unaniandikia: "Uliwahi kununua bidhaa hii."

"Najua, bwana, kwani nimekuuliza?" nikasema. Kwa sauti. Kipaza sauti kiko wazi.

Ndipo nikasikia kimya. Bosi hahutubii tena.

"Dada," akasema taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa, "bado tunaona skrini yako."

Na mtu wa uhasibu, Mungu anamwona, akadakia: "Weka kuponi kwanza, dada."

Nikarukia kufunga. Nikabonyeza. Haikuwa kufunga. Vikaratasi vya rangi vikamwagika skrini nzima: "Asante! Oda yako imepokelewa."

Mengine nayapitia mbio. Kazi ninayo. Mume kajua. Kabati limefunguliwa, mmekutwa maboksi ambayo utepe wake wa gundi haujaguswa, na hayo ndiyo yaliyonipeleka kwa mshauri nasaha. Hakuniuliza nanunua nini. Aliuliza najisikiaje dakika moja kabla ya kununua. Swali la kikatili hilo, nikaanza kumsifia mapazia.

Akanieleza kwamba ubongo hupata raha yake kwenye kutarajia, ile dopamini, kemikali ya ubongo tunayoisikia kila siku. Mzigo ukifika sherehe imeshaisha, ndiyo maana boksi halifunguliwi. Akasema wasiwasi na sonona huandamana sana na tabia hii: unanunua ili utulie, deni linakunyima utulivu, unanunua tena. Nikadhani ni maradhi ya simu. Kumbe Emil Kraepelin, daktari wa akili Mjerumani, aliyaandika mwaka 1915, watu wakienda dukani kwa miguu! Shirika la Afya Duniani limeutaja ununuzi huu kwenye mwongozo wake wa magonjwa, ICD-11, kwenye kundi la matatizo ya kushindwa kujizuia. Mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, haukuupa nafasi yake rasmi. Yaani hata wakubwa wako kikaoni bado, natumaini skrini zao zimezimwa.

Kwa sasa nimefuta namba za kadi zilizohifadhiwa dukani, na kadi yenyewe anayo mume. Kuiomba kunahitaji maelezo, na maelezo yangu mnayajua.

Taa imefika. Ya kijani. Rafiki yangu yule yule mwenye chumvi ameshaiomba, simpi.

Na wewe uliyekuja inboksi kuniomba kiungo cha duka, saa nane usiku: nimekuona, nenda kalale.