Kabla hujasema "heri Wajerumani wangebaki"

Umeme ukikatika nyumbani, au daraja likisombwa na mvua, haupiti muda mrefu kabla mtu hajaandika mtandaoni: "Heri Wajerumani wangebaki." Atatokea mwingine aweke picha ya boma la zamani lenye kuta nene, aseme tazameni, karne imepita na bado limesimama. Watu watacheka, watakubaliana, kisha watahamia kwenye mpira. Mimi naishi Ujerumani kwa miaka mingi sasa, na kauli hiyo hunikera kuliko mambo mengi ninayokutana nayo huku. Mzaha nauelewa, na hasira kwa viongozi naielewa zaidi. Kinachonishinda ni mtu kutamani kitu asichokijua.

Basi tukijue. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na aliyekosa fedha aliilipa kwa mgongo wake: kujenga barabara, kubeba mizigo, kusimamisha maboma hayohayo tunayoyapiga picha leo. Kiboko kilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba watu walikiita kwa hesabu yake, hamsa ishirini. Kule kusini, kuanzia 1902, watu walilazimishwa kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na serikali ya kikoloni, na mashamba yao ya chakula yakakaa bila mkono. Julai 1905 wakazi wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waliingia shambani wakang'oa mashina ya pamba. Hapo ndipo Vita vya Majimaji vilipoanzia. Kinjeketile Ngwale, mganga aliyewahamasisha watu kupigana, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata, lakini vita vilikuwa vimeshasambaa na havikumsubiri. Bunduki peke yake iliposhindwa kuvimaliza, wakoloni walichoma mashamba na maghala, na waliokoka risasi wakafa njaa. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Ukubwa wa pengo hilo unatosha kukuonyesha kwamba hakuna aliyejisumbua kutuhesabu.

Na reli ya kati inayosifiwa kila siku? Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1905, ikafika Kigoma 1914. Kazi yake ilikuwa kushusha mazao bandarini na kupandisha askari bara. Kweli, baadaye imetufaa. Hata mwizi anaweza kukuachia ngazi aliyopandia, lakini humtumii salamu za shukrani.

Sisemi haya ili tuwachukie Wajerumani. Naishi nao, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee wao. Tena ni kwao nilikoona jambo ambalo ningependa tuliige: mtu wa kawaida, asiye mwalimu wala profesa, anaijua sehemu kubwa ya historia ya nchi yake, anaibishania, na anaona ana haki ya kuibishania.

Chukua mfano wa vijiwe vya shaba. Ukitembea Berlin, Hamburg au hata mji mdogo, utaviona vimepachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba za kawaida. Kila kimoja kina sentimita kumi kwa kumi, na kimeandikwa kwamba hapa aliishi fulani, alizaliwa mwaka huu, akachukuliwa mwaka huu, akauawa mahali hapa. Wengi wao ni Wayahudi waliouawa wakati wa utawala wa Hitler. Kazi hii ilianzishwa na msanii Gunter Demnig katika miaka ya 1990, na sasa vijiwe vimepita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Kilichonivutia ni wanaovigharimia. Mara nyingi ni wapangaji wa jengo, darasa la wanafunzi, au majirani waliochanga fedha. Ndio wanaokwenda kwenye nyaraka kutafuta nani aliishi ghorofa ya pili kabla yao. Hakuna waziri anayekata utepe. Fundi anatoboa sakafu, jina linawekwa, watu wanarudi kazini.

Au chukua faili za Stasi, polisi wa siri wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, wananchi walivamia ofisi zao kuzuia faili zisichanwe, na tangu Januari 1992 raia anaweza kuomba kusoma faili lake mwenyewe. Wapo waliogundua kwamba aliyekuwa akiwaripoti ni rafiki, wengine mke au mume. Yaliwauma, ila waliona afadhali kuumia kwa kujua.

Nisije nikawapamba, maana hata wao wana mashimo makubwa. Wenzangu wengi kazini hawakuwa na habari kwamba Tanzania ilikuwa koloni lao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji, na kesho yake kwenye chumba cha chai ni mimi niliyelazimika kuwaeleza mji wa Songea uko wapi na Songea mwenyewe alikuwa nani. Isitoshe, kujua historia si chanjo. Mwaka 2018 mwanasiasa wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, aliufananisha utawala wa Hitler na kinyesi cha ndege tu katika zaidi ya miaka 1,000 ya Ujerumani, na katika uchaguzi wa Februari 2025 chama chake kilipata asilimia 20.8 ya kura. Lakini aliposema vile alijibiwa siku hiyohiyo, na si na wanahistoria peke yao. Watu wa kawaida walijua amepunguza nini.

Hapo ndipo ninapotaka tutazame nyumbani. Kwetu kiongozi akisimama jukwaani akasema jambo lolote kuhusu nchi ilivyokuwa, nani atamjibu? Tunakumbuka tarehe. TANU ilizaliwa Saba Saba ya 1954, uhuru ni 9 Desemba 1961, Muungano ni 26 Aprili 1964. Tulizikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipoisha nazo zikaisha kazi. Kati ya tarehe na tarehe kuna giza. Waasi wa jeshi mwezi Januari 1964 walikuwa wanadai nini hata serikali ikalazimika kuwaita Waingereza waje kuwazima? Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya watu, wengine kwa nguvu, na kuna familia ambazo mpaka leo zinagombana kuhusu mipaka bila kujua ugomvi wao ulianzia pale.

Kila siku maelfu ya watu wanapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam. Wanaomjua wanajua alikuwa na Nyerere majukwaani, mwanamke aliyewaingiza wanawake wenzake TANU kwa wingi. Wangapi wanajua kwamba serikali aliyoisaidia kuingia madarakani ilimshtaki kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa 1972? Unaweza kuamini alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Lakini barabara bila kesi ni nusu ya habari, na nusu ile nyingine ndiyo ingetufundisha jinsi nchi yetu inavyowatendea watu wake inapoogopa.

Najua sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na nafurahi kwamba linafundishwa kwa Kiswahili, kwa sababu sisi wengine tulisomeshwa habari za babu zetu sekondari kwa Kiingereza cha kuungaunga. Ila neno hilo la pili kwenye jina linanipa wasiwasi. Historia ikishapewa kazi ya kufundisha adabu itaanza kuchagua ya kusema, na watu wasio na adabu, kama wale wa Nandete walioharibu mali ya serikali, watapata shida kuingia.

Mtu ataniuliza: mama muuza sokoni, dereva wa bodaboda, atanufaika nini na haya yote? Jibu langu lina ardhi ndani yake. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili eneo lao wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Wale wakulima walijua jambo moja muhimu: Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mwananchi wake alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko. Wakachanga fedha, wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, akaenda New York mwaka 1952 kueleza mbele ya dunia. Ardhi hawakurudishiwa kwa safari ile. Hata hivyo aliporudi alizunguka nchi akisimulia alichokiona, na miaka miwili baadaye TANU ilipoanzishwa, watu walikuwa wameshasikia kwamba mkulima anaweza kumshtaki Mwingereza. Kilichomfikisha kule ni michango ya wenzake na kujua nchi yao imefikaje mikononi mwa nani.

Jirani na hapo, mkoani Arusha, mkulima mmoja na mwanawe walipoteza shamba lao la kimila wakati wa Operesheni Vijiji. Walifungua kesi wakashinda, halafu mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za aina ile na kesi zake. Hawakunyamaza. Walikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria ile wakashinda, serikali ikakata rufaa, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Uamuzi ule unakulinda wewe unayesoma hapa, kama familia yako ina kipande cha ardhi kijijini kisicho na hati. Uliletwa na watu waliojua shamba lilikuwa la nani, lilichukuliwa lini na kwa amri ipi. Wangesema "ni mambo ya zamani hayo," leo tungekuwa tunaongea mengine.

Huku nako wamo Watanzania wanaofanya kazi ya aina hiyo bila mshahara. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, alinyongwa Old Moshi mwezi Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kililetwa Ujerumani. Mnyaka Sururu Mboro, Mtanzania aliyekuja huku mwaka 1978, amezeeka akikitafuta. Yeye na wenzake ndio waliopiga kelele hadi Berlin ikabadilisha majina ya mitaa. Mtaa wa Wissmann, yule aliyevunja upinzani wa Bushiri pwani, tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck. Mwaka 2024 sehemu ya barabara iliyokuwa na jina la Karl Peters, mwanzilishi wa koloni lile, ikaitwa Maji Maji. Mjerumani anayekaa mtaa wa Lucy Lameck ameshaelezwa kwenye kibao kwamba alikuwa mwanasiasa wa Tanzania. Muulize kijana wa chuo kikuu nyumbani Lucy Lameck ni nani, na usishangae akikuuliza kama ni mwimbaji.

Kuna pia yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, aliyesimama katika jumba la makumbusho hapa Berlin, zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Tunapenda kudai arudishwe, na suala lake limewahi kufika bungeni. Mimi sina tatizo na madai hayo. Lakini tunayemdai hatujui alitokaje. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Majimaji, katika eneo ambalo vita na njaa vilikuwa vimelimaliza. Mamia ya watu walifanya kazi ile, na wapagazi waliibeba kichwani na mabegani, zaidi ya tani 200, mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na ujuzi wake wa kutambua na kutoa mifupa ndio uliowawezesha wataalamu wa Kijerumani kurudi kwao na sifa. Tukienda mezani kudai mjusi bila kumtaja Boheti na wapagazi wake, tutakuwa tunadai mifupa tu. Tukiwataja, tunadai na ujira.

Sisi tunaosoma Kijerumani tuna kazi moja ambayo hakuna wa kutufanyia. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinatunza mafaili ya utawala wa Kijerumani ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani vijana hawausomi, kwa kuwa shule zao ziliuacha mwaka 1941. Bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka tisini na kitu, alifundishwa herufi hizo utotoni, na jioni tukimaliza dawa ananifundisha. Ni kazi ngumu, herufi zinafanana zote. Kama uko Ujerumani na una mzee wa umri huo karibu nawe, muulize mapema. Mafaili yapo, wasomaji wa mwandiko ule ndio wanaopungua.