Marahaba Ina Gharama: Kanuni za Dunia na Vichochoro vya Amu

Katika karatasi ya pili ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya, isimujamii, yaani elimu ya lugha jinsi inavyotumika katika jamii, hupewa alama 10 kati ya 80, na mtahiniwa aliyeandaliwa vyema huzichuma bila jasho jingi. Huwekewa mazungumzo mafupi, huulizwa ni ya sajili gani, yaani mtindo wa lugha wa mahali au shughuli gani, kisha hutaja sifa alizozikariri: kuchanganya ndimi, sentensi fupi, msamiati maalumu, kukatizana kauli. Aliyesomea Lamu na aliyesomea Kakamega huandika majibu yale yale, wala hapana anayeshangaa. Nyuma ya zoezi hilo imejificha dhana ambayo wataalamu wameizozania kwa muda mrefu, kwamba kazi inayofanywa na lugha katika kuishi na watu yaweza kuorodheshwa, na orodha hiyo ikabebwa kutoka mji hadi mji bila kuharibika. Sisi tunaokaa Amu, yaani Lamu, mji ambao maamkizi yake yaweza kuchukua muda mrefu kuliko shughuli yenyewe, tuna haki ya kuuliza kama adabu ya lugha ina kanuni moja kwa wanadamu wote, au kila jamii ina kibaba chake kisichopimia nafaka ya wengine.

Hoja ya kwamba maneno mengi hayakuumbwa kupasha habari si ngeni. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand katika Pasifiki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika mwaka 1923 kuwa watu huzungumza mara nyingi ili tu wasikae kimya mbele ya wenzao, kwa kuwa kimya cha mtu usiyemjua kinatisha, na neno lolote, hata la hali ya hewa, huvunja kitisho hicho. Waliokuja baadaye walitaka kwenda mbali zaidi. Mwaka 1978 wataalamu wa lugha Penelope Brown na Stephen Levinson walilinganisha Kiingereza, Kitamil cha India Kusini na Kitzeltal cha Mexico, wakadai kuwa kila mtu ana kitu walichokiita uso, nao uso huo una mahitaji mawili: kupendwa, na kuachwa bila kusumbuliwa. Kabla ya kumwomba mwenzake jambo, msemaji hupima umbali uliopo kati yao, nguvu aliyo nayo mmoja juu ya mwingine, na uzito wa jambo lenyewe. Kisha huchagua kusema waziwazi, kusema kwa ukaribu, kusema kwa unyenyekevu, kudokeza tu, au kunyamaza.

Nimewahi kuisikia nadharia hii ikibezwa kuwa ni ya Kizungu, na kuibeza ni rahisi mno. Tuitazame leso kwanza. Chukua mwanamke aliyenunua jozi yenye jina, yaani maandishi, «Hasidi hana sababu». Siku tatu leso inakaa kabatini. Siku ya nne, baada ya maneno fulani kumfikia kutoka kwa wifi yake, anajitanda leso ile, anavuka kichochoro, anabisha hodi kwa jirani ambaye daka lake, kile kibaraza cha mlangoni, linatazamana na la wifi huyo, anaomba ndimu mbili, anarudi kwake. Hakutamka neno ila la ndimu. Jioni mtaa mzima unajua kilichosemwa na aliyeambiwa, na akitokea mtu wa kumuuliza, jibu lipo tayari: alipenda rangi. Njia ya kudokeza, kama Brown na Levinson walivyoieleza, ni ile inayomwachia msemaji mlango wa kutokea, na sidhani kuna mfano ulio safi kuliko huu, ingawa hawakuutoa Amu. Tumezoea kusema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu hung'amua. Nadharia inatusaidia kuona kwamba kazi ya fumbo si kumpima akili anayefumbiwa peke yake, bali pia kumlinda anayefumba dhidi ya kushtakiwa kwa maneno yake.

Hapo mizani imeinamia upande wa kanuni za dunia. Inainama upande wa pili mara tu mtoto anapoingia nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanaisimu wawili wa Kijapani, Yoshiko Matsumoto na Sachiko Ide, walitoa pingamizi ambalo lingemwingia akilini bibi yeyote wa Mkomani au Langoni, mitaa yetu ya Amu. Walisema kuwa katika Kijapani heshima si mbinu anayoichagua msemaji baada ya kupiga hesabu. Hata kusema tu kwamba leo ni Jumamosi kunamlazimu mtu achague umbo la kitenzi kulingana na anayeambiwa, ilhali taarifa hiyo haimwombi mtu kitu wala haimsumbui. Anayesema hivyo anatambua mahali pake mbele ya mwenzake, basi. Shikamoo ya mtoto ni ya jamii hiyo hiyo. Mtoto akikuta watu wazima watatu barazani huwaamkia, hukaa kitambo akisubiri marahaba, ndipo aingie ndani kutafuta alichotumwa. Hapimi umbali wala uzito wa ombi, kwa kuwa hana ombi. Akipita bila kuamkia, swali linaloulizwa halimhusu yeye: «Huyu ni mwana wa nani?» Adabu inayozungumzwa hapo ni mali ya nyumba yake, na aibu itatumwa huko huko.

Wengi wanaoandika juu ya suala hili huishia hapa: Wazungu wana mbinu, Waasia na Waafrika wana wajibu, na kila mmoja arudi kwake. Mgawanyo huo unapendeza kwa sababu unatupa utu wetu bila kutudai ushahidi. Mimi unanitia shaka, na shaka yangu ilianzia gatini.

Abiria anashuka mashua akitokea Mokowe, ng'ambo ya bara. Ni mtu wa makamo, miaka arubaini labda, shati limechomekwa, begi mkononi. Kijana mpakiaji, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake, anamwendea mbio: «Shikamoo, mzee wangu.» Abiria akijibu marahaba, begi limekwisha kuhama mkono, na mwisho wa safari itatajwa chai, wala mzee hatakuwa na uso wa kumnyima mwanawe. Nimemshuhudia mmoja aliyeijua hesabu hiyo. Alijibu, «Salama, ndugu yangu, wewe je?» akalishika begi lake kwa mikono miwili. Kwa neno ndugu alishuka kutoka kiti cha uzee alichotengenezewa, wakawa sawa, na baina ya walio sawa hakuna wa kudaiwa chai.

Mwanaanthropolojia Judith Irvine aliandika mwaka 1974 kuhusu jambo linalofanana sana na hilo miongoni mwa Wawolof wa Senegal. Kwao anayeanza kuamkia hujiweka chini, na anayeamkiwa hupata hadhi, ila hadhi hiyo ina gharama, kwa kuwa mkubwa ndiye atoaye. Kwa hiyo wapo wanaokimbilia kuanza ili waombe, na wapo wakubwa wanaokimbilia kuanza ili wasiombwe. Senegal ni mbali na Amu, na Kiwolof hakina udugu wa karibu na Kiswahili, lakini kijana wa gatini angeuelewa mchezo huo kabla maelezo hayajaisha.

Basi ile shikamoo iliyokuwa wajibu mtupu mdomoni mwa mtoto imekuwa mbinu mdomoni mwa mpakiaji, na yaweza kuwa mtu yule yule, asubuhi nyumbani, adhuhuri gatini. Tena mbinu inafanya kazi kwa kuwa wajibu upo: isingekuwa marahaba inamfunga anayeitamka, kijana asingepata cha kuvuna. Mstari ambao wataalamu wameuchora kati ya utamaduni na utamaduni unapita, kwa maoni yangu, katikati ya neno moja. Kinachoamua ni upande upi utajitokeza ni uhusiano wa wawili wanaokutana, nani ana haki gani kwa mwenzake, na si lugha wanayotumia wala bara wanaloishi.

Hilo halinifanyi niikubali nadharia ya uso kwa ukamilifu wake. Sehemu inayodai kuwa kila mtu anataka kuachwa bila kusumbuliwa inakwama kwenye sinia la chakula. Ukipita mbele ya watu wanaokula, wanakuambia karibu, nawe unajibu starehe, unaendelea na safari. Kwa hesabu ya Brown na Levinson, mwaliko ni usumbufu unaohitaji kupunguzwa makali, na kuukataa ni jeraha linalohitaji kufunikwa kwa sababu na samahani. Hapa kila upande umetumia neno moja, hapana aliyejeruhiwa, na jeraha lingetokea tu kama wanaokula wangenyamaza. Jirani anayelalamika kwamba umepita mlangoni kwake bila hata kupiga hodi analalamikia kutosumbuliwa.

Na kuna neno stara, ambalo naona lingeifaa nadharia hiyo kuliko uso. Uso ni wangu, naulinda mimi. Stara napewa na watu: jirani aliyesikia ugomvi wetu usiku na asubuhi akauliza habari za watoto amenisitiri, na siku ikifika nitamsitiri. Hodi yenyewe ni stara kabla ya kuwa ombi la kuingia, kwa maana inawapa walio ndani nafasi ya kujitengeneza, na nyumba za kale za Amu zimelijengea jambo hilo mahali pake, yaani daka, ambapo mgeni hukaa akiwa hayuko nje kabisa wala hajaingia. Sidai kuwa stara ni ya Waswahili peke yao. Nadai tu kwamba aliyeanza na uso asingeifikia, na aliyeanza na stara angeufikia uso bila shida.

Tukirudi kwenye ulinganishaji wenyewe, hatari yake kubwa ni kutafuta kwa wengine chombo kile kile ulichokizoea kwako. Kiitaliano, ambacho Malindi kinasikika madukani na ufukweni kwa sababu ya Waitaliano wengi waliohamia huko, hutenganisha ukaribu na heshima kwa viwakilishi, «tu» kwa rafiki na «Lei» kwa mtu wa kuheshimiwa. Mwenye kukitafuta kipengele hicho katika Kiswahili atamkuta «wewe» anayetumika kwa mtoto na kwa kadhi, ahitimishe kuwa hatujali daraja. Angetazama pembeni kidogo angeyakuta ami, shangazi, mjomba, bwana, bi na maalim yakiifanya kazi hiyo hiyo, tena kwa kupambanua zaidi.

Hatari ya pili ni ya dodoso. Katika miaka ya 1980 mradi mmoja mkubwa ulilinganisha maombi na radhi katika lugha kadhaa, zikiwemo Kiebrania, Kijerumani na Kifaransa, kwa kuwapa watu mazungumzo yenye pengo wakajaze kile ambacho wangesema. Faida yake ni dhahiri, kwa kuwa maelfu ya majibu yanaweza kuwekwa pamoja na kuhesabiwa. Ila mpe fundi seremala wa hapa karatasi ya namna hiyo, ataandika «Tafadhali naomba uniletee msumeno», kwa sababu kalamu inamkumbusha shule. Nimekaa karakanani nikamsikia akimwita mwanagenzi wake kwa «ndoo» ya Kiamu, lahaja yetu, yaani njoo, na dakika hiyo hiyo, aliponigeukia mimi niliyeshika daftari, akaniambia «njoo uone» kwa Kiswahili cha redioni. Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na tangu hapo Mwamu ana lugha mbili za Kiswahili: ya nyumbani na ya kumpa mgeni. Mtafiti anayeuliza kwa sanifu atajibiwa kwa sanifu, kisha ataandika kuwa hivyo ndivyo watu wasemavyo.

Wapo wanaotaka, kwa sababu hizo, tuachane na kulinganisha, kila jamii ijieleze kwa maneno yake. Siwezi kuungana nao. Bila Wawolof wa Irvine ningeendelea kumwona yule kijana wa gatini kuwa mjanja tu wa mjini, na bila Jumamosi ya Kijapani nisingeona ajabu yoyote katika shikamoo ya mtoto, kwa kuwa nimeizoea kama navyoizoea hewa. Ninachokitaka ni kubadilisha mwanzo: tuanze na watu wawili mahali fulani, tuandike nani alianza kusema, nani angeweza kunyamaza na angelipa nini kwa kunyamaza, ndipo tuvuke bahari kutafuta wanaofanana nao.

Nalijua jibu la walimu wenzangu, nalo lina nguvu. Mtihani wa taifa unahitaji mwongozo mmoja wa kusahihisha, na msahihishaji aliye mbali na Pwani hawezi kutarajiwa kujua desturi ya kila kisiwa. Mwanafunzi wa Lamu akiulizwa mtu hujibu nini akikaribishwa chakula asichotaka kula, naye akaandika starehe, jibu lake ni sahihi kuliko lolote nililowahi kulisoma katika vitabu vya marudio. Mwongozo utakuwa na «asante, nimeshiba». Msahihishaji mwaminifu, mwenye mamia ya karatasi mbele yake na neno moja asiloelewa lilifikaje pale, atafikiri mtoto ameota habari za anasa, ataweka sifuri, na kwa mujibu wa karatasi aliyopewa hatakuwa amekosea.