Sifuri kilomita au la Japani: hesabu ya mtu anayeishi mlimani

Mdogo wangu anafundisha Tukuyu, familia yake iko Uyole. Kila Jumatatu alfajiri anapanda mlima wa Isyonje kwenye ukungu, Ijumaa jioni anarudi na gunia la viazi. Mwezi uliopita alipata mkopo wa mshahara akanijia na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya gari dogo jipya, injini ya lita moja, sifuri kilomita. Ya pili ni Subaru Forester ya mwaka 2011 iliyokuwa bado Japani. Ukijumlisha kila kitu mpaka funguo mkononi, bei zilikaribiana. "Kaka, nichukue lipi?"

Mimi ni mpenzi wa magari ya Japani yaliyotumika, na watu wananijua hivyo. Kwa sababu hiyo nilijilazimisha kuanza kwa kulitetea lile jipya.

Gari jipya halina historia ya kuificha. Eabegi zake, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, hazijawahi kufumuka, mkanda wake haujawahi kumzuia mtu kwenye ajali, mpira wa tairi bado laini. Kwa mwalimu anayekatwa mkopo kila mwezi, hilo si jambo dogo, maana miaka ya kulipa benki ndiyo hiyo hiyo ambayo gari halitarajiwi kumsumbua. Kisha kuna dhamana. Lakini dhamana ina masharti, na sharti kubwa ni kwamba sevisi ifanyike kwenye gereji ya muuzaji. Niliuliza gereji hiyo iko wapi, nikajibiwa Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Dhamana ya namna hiyo, kwa mtu wa Tukuyu, imebaki kwenye karatasi.

Halafu kuna mlima, ambao wauzaji wengi wa Dar hawauweki kwenye hesabu. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, kile kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake kwa kimo hicho, na ukipanda Isyonje inapoteza zaidi. Injini ndogo yenye nguvu ya farasi 68 inabaki na kama 57. Weka watu wanne na lile gunia, utapanda kwa gia ya kwanza na ya pili huku malori yakikusukuma kwa nyuma. Kwenye barabara nyembamba yenye ukungu, hiyo ni hatari.

Sasa la Japani. Kule gari binafsi hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Kwa hiyo wenye magari huyauza yakiwa bado mazima, na ndiyo bahati yetu. Magari mengi hupitia mnadani, ambako hutolewa karatasi ya ukaguzi yenye gredi: 4 ni gari zuri, R limewahi kupata ajali likatengenezwa. Idai karatasi hiyo kabla hujatuma hata shilingi. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Karatasi ya mnada inaonyesha kilomita za siku ile, kwa hiyo unaweza kulinganisha.

Mabaya yake nayo yapo. Magari ya kaskazini mwa Japani yanatembea kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na kutu huanzia chini ambako picha hazifiki. Mengine yanakuja na tairi za theluji, laini mno kwa lami yetu ya joto kule Igurusi. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Na kodi: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na juu yake ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka, ambao ni mkubwa zaidi likizidi miaka 10. Forester ya mdogo wangu ilinaswa hapo. Sehemu ya mkopo wake ilikuwa inakwenda kulipia uzee wa gari.

Nilimtajia na njia ya tatu, gari la mkononi hapa hapa Mbeya. Akaniuliza, "Namba gani?" Hili linaniuma. Herufi ya namba inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 lililoingia juzi lina namba E, na la mwaka 2010 lililoingia zamani lina namba C, na watu wanalipia ile E mamilioni. La mkononi nalipenda kwa sababu fundi wake unaweza kumfuata ukamuuliza. Ila fungua boneti kwanza. Wiki ile ile tulikagua moja Mwanjelwa: themostati imeng'olewa, kwenye rejeta maji ya bomba yenye rangi ya kutu. Kwa baridi yetu ya Juni injini hiyo haipati joto lake, inakula mafuta bure. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala.

Hapo nilimkatalia kabisa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka, na yakipata joto la mteremko mrefu yanachemka. Mwaka jana nilishuka mteremko wa Kitonga, kule Iringa, nyuma ya gari dogo ambalo magurudumu yake ya mbele yalifuka moshi. Harufu ya pedi zilizoungua iliingia mpaka ndani kwangu. Dereva alikuwa ameacha gia kwenye D badala ya kushusha gia ili injini isaidie kulizuia gari, taa za breki zinawaka kona hadi kona. Alifika chini salama, akasimama pembeni, akashuka, mikono inamtetemeka.

Mwisho tuliziacha karatasi zote mbili. Ameagiza Toyota Fielder ya lita moja na nusu, gredi 4, ambayo haijafika miaka 10, na kiasi kilichookolewa kwenye kodi tumekitenga kwa tairi, pedi na mafuta ya injini, gia na breki. Angekuwa mfanyabiashara wa Njombe anayepiga Dar kila wiki na anayekusudia kukaa na gari miaka kumi, ningemwambia achukue jipya, lakini pikapu ya dizeli yenye tabo.

Gari bado liko baharini. Pedi za breki ameshanunua, ziko juu ya kabati sebuleni kwake.